Bustani za Bia za Munich: Kivuli ni Kizuri, Lakini Hesabu Kikombe



Mwezi huu tunapenda kuzungumzia jambo ambalo pengine baadhi yenu mtashangaa kulikuta katika ukurasa wa afya. Ni bustani za bia za mji wa Munich, katika jimbo la Bavaria, kusini mwa Ujerumani.

Tunayo sababu. Wamisionari Wabenediktini waliofungua Peramiho mwaka 1898, na baadaye Ndanda, ni wa Shirika la St. Ottilien, ambalo abasia yake mama iko Bavaria, magharibi ya Munich. Kwa njia hiyo na nyinginezo, familia nyingi za parokia zina mtu aliyekwisha kufika huko, au atakayefika: padre aliyekwenda masomoni, sista, binti anayesomea uuguzi, kijana aliyepata mafunzo ya ufundi. Akifika katika miezi ya joto, wenyeji wake kwa ukarimu watamwalika bustanini. Naye akirudi likizo atatuuliza: "Mbona kule baba, mama, bibi na watoto wanakaa pamoja mezani mchana kweupe na bia ipo, na hapa kwetu baa ni mahali ambapo mama hataki mtoto apite hata karibu?"

Swali hilo ni la haki. Hebu tuliangalie kwa pande zote mbili, yaani mambo ambayo bustani hizo zinafanya vizuri, na mambo ambayo kivuli na bustani haviwezi kuyabadili ndani ya mwili wa binadamu.

BUSTANI YA BIA NI NINI?

Ni uwanja wa wazi uliotandazwa kokoto, wenye meza ndefu na mabenchi ya mbao, chini ya miti mikubwa ya chestnut yenye majani mapana. Kivuli chake ni kizito kama cha mwembe. Watu wasiojuana hukaa meza moja. Anayekuja huuliza tu kama pana nafasi. Sehemu kubwa haina wahudumu. Kila mtu huchukua sinia, hupanga foleni dirishani, hulipa na kubeba mwenyewe kinywaji chake.

Jambo la ajabu kwa mgeni ni kwamba unaruhusiwa kuja na chakula chako kutoka nyumbani. Familia hufungua kikapu, hutandika kitambaa, na kutoa mkate, jibini, figili, nyama baridi na matunda. Kinywaji tu ndicho kinachopaswa kununuliwa pale. Ila meza ambazo tayari zimetandikwa vitambaa na wenye bustani ni za wanaoagiza chakula kwa mhudumu.

ZILIANZAJE?

Katika karne ya 16 watawala wa Bavaria walikataza kupika bia miezi ya joto. Ruhusa ilikuwa kuanzia sikukuu ya Mtakatifu Mikaeli, tarehe 29 Septemba, hadi sikukuu ya Mtakatifu Jorji, tarehe 23 Aprili. Sababu zilikuwa mbili: bia ya kule ilihitaji baridi ili ichachuke vizuri, na moto wa kupikia ulikuwa hatari kwa nyumba wakati wa ukavu.

Basi wapishi wa bia walipika nyingi kabla ya mwisho wa msimu na kuihifadhi katika maghala yaliyochimbwa ardhini, kwenye kingo za mto Isar. Wakati wa baridi waliingiza barafu humo. Juu ya ghala walimwaga kokoto na kupanda miti ya chestnut, kwa kuwa majani yake huzuia jua na mizizi yake haiendi chini sana kuharibu ghala. Kwa hiyo miti ile ilipandwa kwa ajili ya bia kwanza, si kwa ajili ya wanywaji.

Wakazi wa mji waligundua kwamba pale palikuwa na ubaridi, nao wakaanza kwenda kunywa papo hapo. Wenye nyumba za wageni walilalamika kwamba wanapoteza wateja. Tarehe 4 Januari 1812 Mfalme Maximilian wa Kwanza Joseph alitoa amri ya kuwapatanisha: wapishi wa bia waliruhusiwa kuuza bia ghalani miezi ya joto, pamoja na mkate, lakini si chakula kingine. Mtu mwenye njaa ilibidi aje na chakula chake. Desturi ya kikapu ilitokea hapo, na ipo hadi leo.

Miaka ya 1870 mhandisi Carl von Linde aliwatengenezea wenye kiwanda cha bia cha Spaten, mjini humohumo, mashine ya kupoza. Tangu hapo maghala ya barafu yalianza kupoteza kazi yake. Miti na mabenchi vilibaki.

Wengine watauliza: "Je, si kweli kwamba hata watawa walipika bia?" Ni kweli. Jina la kiwanda cha Augustiner linatokana na watawa wa Mtakatifu Augustino, na Paulaner ni watawa wa Mtakatifu Fransisko wa Paola. Lakini ini la mtawa na ini la mlei hufanya kazi kwa namna moja. Historia nzuri ya kinywaji haipunguzi kilevi kilichomo.

BAADHI YA BUSTANI ZENYEWE

Kubwa kuliko zote mjini ni Hirschgarten, upande wa magharibi, yenye nafasi za watu wapatao 8,000. Jina lake maana yake ni bustani ya kulungu, na kweli kulungu wapo ndani ya uzio, watoto huwatazama. Katika bustani kubwa ya mji iitwayo Englischer Garten, iliyoanzishwa mwaka 1789, kuna Chinesischer Turm, mnara wa mbao wa mtindo wa Kichina. Uliungua mwaka 1944 wakati wa vita, ukajengwa upya mwaka 1952. Chini yake wanakaa watu wapatao 7,000. Karibu na stesheni kuu ya reli ipo Augustiner-Keller, yenye nafasi zipatazo 5,000 chini ya miti ya zamani. Na katikati ya soko la Viktualienmarkt ipo bustani ndogo, ambapo viwanda 6 vya bia vya mji hupokezana zamu ya pipa. Pale unanunua mkate na jibini kwenye vibanda vya jirani na kula mezani.

BUSTANI INAFANYA NINI VIZURI?

Tukiitazama kwa jicho la uuguzi, tunaona mambo matano.

Kwanza, chakula. Anayekula huku akinywa hulewa polepole kuliko mwenye tumbo tupu, kwa sababu chakula huchelewesha pombe kufika kwenye utumbo mwembamba, ambako hupita kwa haraka kuingia katika damu.

Pili, kivuli na kukaa. Watu huja kukaa, kuongea, kucheza karata. Bia ni sehemu ya kikao, si sababu yake yote.

Tatu, familia nzima. Penye mtoto na bibi, mtu huchunga ulimi wake na kikombe chake. Bustani nyingi zina michezo ya watoto, na dirisha lile lile linalouza bia huuza pia maji na maji ya tofaa yaliyochanganywa na maji ya gesi. Asiyekunywa pombe hatazamwi kama kichekesho.

Nne, kila mtu hujichukulia chake. Hakuna raundi inayozungushwa meza nzima. Hapa kwetu anayenunua raundi ndiye anayepanga mwendo wa wote, na mwenye kichwa chepesi analazimika kukimbizana na mwenye kichwa kizito.

Tano, saa ya kufunga inajulikana. Mwaka 1995 palitokea mzozo mkubwa kati ya majirani waliotaka usingizi na wapenzi wa bustani, na maelfu ya watu waliandamana mjini Munich kutetea jioni zao. Mwisho wake, mwaka 1999, serikali ya Bavaria ilitoa kanuni: muziki ukome saa 4 usiku, kuuza kukome saa 4 na nusu, na kufikia saa 5 watu wawe wameondoka. Miezi ya Juni na Julai jua la huko huzama karibu saa 3 usiku au baadaye kidogo, kwa hiyo hata hiyo ni jioni ndefu ya kutosha.

Mambo haya matano hayahitaji Ulaya. Mwembe tunao, nyama choma tunayo, meza tunayo.

KIVULI HAKIWEZI KUFANYA NINI?

Sasa tuje kwenye hesabu, maana hapa ndipo wageni wengi wanapodanganyika.

Kikombe cha kawaida cha bustani za Munich ni cha kioo, kina mkono, nacho kinaitwa Maß. Ujazo wake ni lita nzima. Macho yanaona kikombe kimoja, lakini ini linapokea chupa mbili za nusu lita. Bia ya asilimia 5 ina mililita 50 za kilevi katika kila lita, yaani gramu 40 hivi.

Ini la mtu mzima mwenye afya huondoa takriban gramu 7 hadi 10 kwa saa. Kwa hiyo kikombe kimoja kinaweza kuhitaji saa 4 hadi 6 kwisha mwilini. Kahawa haiharakishi kazi hiyo, wala kuoga maji baridi, wala kutapika baada ya bia kukwisha kuingia katika damu. Vinakufanya mlevi aliye macho, au mlevi aliyelowa.

Nchini Ujerumani dereva haruhusiwi kufikisha gramu 0.5 za kilevi katika kila kilo ya damu. Aliye chini ya miaka 21, au aliye katika kipindi cha majaribio cha leseni yake ya kwanza, tangu mwaka 2007 haruhusiwi kabisa kunywa na kuendesha. Mwanaume wa kilo 70 akinywa Maß moja kwa haraka, tumbo likiwa tupu, anaweza kuvuka kiwango hicho. Mwanamke hukivuka upesi zaidi, kwa kuwa mwili wake kwa kawaida una maji kidogo ya kuichanganya pombe. Kwa hiyo kijana asiseme, "Nilikunywa kimoja tu." Aulizwe: kimoja cha ujazo gani?

Haba na haba hujaza kibaba. Uingereza, katika mwongozo wa afya wa mwaka 2016, iliwashauri watu wazima wasizidi vipimo 14 kwa wiki, kila kimoja gramu 8, yaani gramu 112 kwa jumla, tena zisinywewe kwa siku moja. Maß tatu ni gramu 120. Jioni moja chini ya mti imekwisha kumaliza wiki nzima na kuzidi. Na Shirika la Afya Duniani, kupitia ofisi yake ya Ulaya, lilieleza Januari 2023 kwamba hakuna kiwango cha pombe ambacho kinaweza kusemwa ni salama kabisa kwa afya. Pombe huongeza hatari ya saratani za kinywa, koo, ini, utumbo mpana na matiti, na hatari hiyo hupanda kadiri mtu anavyozidisha.

BIA NA JUA KALI

Wengi hudhani bia baridi inapoza mwili. Ulimi unapoa, lakini mwili haupati faida hiyo. Pombe huzuia homoni inayoziambia figo zihifadhi maji, hivyo mtu hukojoa zaidi huku tayari anatokwa jasho. Pia hupanua mishipa ya damu. Ndiyo maana mtu aliyekaa juani saa 2 na kikombe chake, akisimama ghafla, huona kizunguzungu na kuanguka. Vyakula vya chumvi nyingi vya bustanini, kama mikate ya chumvi na samaki wa kuchoma, huongeza kiu, na kiu huita kikombe kingine.

Hatari kubwa ni hii: mtu aliyezidiwa na joto anafanana na mlevi. Wenzake wanacheka na kumwacha alale. Basi angalieni dalili hizi: ngozi ya moto sana, maneno yasiyoeleweka, kutapika, kuyumba, degedege, au kutoamka anapoitwa. Mpelekeni kivulini, mlegezeni nguo, mmwagieni maji na kumpepea, na kuita msaada wa hospitali upesi. Asiyejitambua asinyweshwe kitu chochote. Mlazeni kwa ubavu ili matapishi yasimwingie katika mapafu, wala msimwache peke yake.

Tena, asiingie majini aliyekunywa. Mto Isar unaopita Munich hutoka milima ya Alps, na maji yake ni baridi hata jua likiwaka. Hapa kwetu ni vivyo hivyo kwa ziwa, bwawa na bahari. Pombe humpa mtu ujasiri na kumnyang'anya nguvu za mikono kwa wakati mmoja.

NANI ASINYWE KABISA?

Mama mjamzito asinywe hata kidogo, kwa sababu pombe hupita hadi kwa mtoto na inaweza kuharibu ubongo wake kwa maisha yote. Watoto na vijana wasinywe, hata kama sheria ya Ujerumani inaruhusu bia kuanzia miaka 16. Sheria inaruhusu, lakini ubongo wa miaka 16 bado unakua. Wenye ugonjwa wa ini wasinywe. Wanaotumia dawa za kifua kikuu, metronidazole, dawa za kifafa au za usingizi wasinywe. Wanaotumia dawa za kisukari waulize kwanza, maana sukari inaweza kushuka hata wakiwa wamelala.

Na yupo mmoja ambaye bustani nzuri haimsaidii hata kidogo. Ni yule aliyekwisha kutawaliwa na pombe. Dalili zake mnazijua nyumbani: mikono inatetemeka asubuhi, anahitaji ya kuzimua ndipo afanye kazi, anaficha chupa, fedha za karo hazionekani, anaahidi kuacha na hawezi. Mtu huyu asipelekwe mahali pa pombe "pazuri zaidi" kwa matumaini kwamba atajifunza kiasi. Anahitaji tiba na watu wa kumshika mkono. Tena akiwa amekunywa sana kila siku kwa muda mrefu, msimfungie ndani aache ghafla. Ndani ya siku mbili tatu anaweza kupata degedege na kuchanganyikiwa, na wengine hufa. Mleteni hospitali ili aachishwe kwa uangalizi. Hatutamtukana. Huo ni ugonjwa, na tunauhudumia kama magonjwa mengine.

MASHAURI YETU

Kwa anayekwenda Munich, na kwa anayekaa chini ya mwembe wake nyumbani:

1. Kula kwanza, kisha endelea kula. Usianze na tumbo tupu.

2. Tanguliza maji. Kiu ikatwe na maji, si na bia. Kisha kila baada ya nusu lita ya bia, kunywa bilauri nzima ya maji.

3. Soma ujazo na asilimia. Hesabu lita, usihesabu vikombe.

4. Sehemu nyingi hutoa kikombe cha nusu lita ukiomba. Omba hicho. Ipo pia Radler, ambayo ni bia nusu na soda ya limau nusu, yenye kilevi karibu nusu ya kawaida. Lakini hiyo nayo ni pombe, si ya mtoto wala dereva.

5. Bia inayoitwa isiyo na kilevi nchini Ujerumani inaweza kuwa na hadi asilimia 0.5. Aliyeacha pombe kwa shida ni vema aiepuke, kwa kuwa ladha yake humwita arudi.

6. Kataeni raundi. Kila mmoja anywe kwa mwendo wake, na asiyekunywa asiulizwe sababu.

7. Kabla ya kikombe cha kwanza, amueni nani ataendesha. Huyo anywe maji au soda tu. Munich ina treni na mabasi, kijana ayatumie.

8. Wekeni saa ya kuondoka, muitangaze mapema, na muishike hata kama mazungumzo ni matamu.

Ndugu wapendwa, kijana wenu akiwaandikia kwamba ameona watu wakinywa kwa amani chini ya miti, mwaminini. Kisha mjibuni kwamba ayachukue yote ya pale: kikapu cha chakula, kivuli, wazee na watoto mezani, kila mtu na chake, na saa ya kufunga. Asirudi na kikombe cha lita peke yake akayaacha yale mengine. Nasi tulio hapa tunaweza kuanza Jumapili ijayo, kwa jagi la maji ya kunywa kuwekwa mezani kabla ya chupa yoyote.

Mwenye tatizo la pombe katika familia asione haya. Aje zahanati au hospitali iliyo karibu, aombe kuzungumza na muuguzi faraghani. Tutamsikiliza.